Mwenye Duka Anapoikopesha Serikali

Kila mwaka nchini Kenya, mwezi wa Juni unapoelekea ukingoni, wafanyabiashara wadogo wenye tenda za serikali hawalali, kwa kuwa tarehe 30 ndiyo siku mwaka wa fedha unapofungwa, na kila aliye na hati ya ununuzi mkononi, ile waiitayo LPO, hufanya juu chini bidhaa zifike ghalani na ankara ipokewe na karani kabla ya siku hiyo. Haraka hiyo, kwa masikitiko makubwa, ni ya upande mmoja tu. Maana bidhaa zikishapokelewa na hati kugongwa muhuri, mwenye kudai huanza safari ya kwenda na kurudi ambayo hakuna ajuaye mwisho wake.

Sheria yenyewe haikukosa huruma. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 227, iliruhusu yapendelewe makundi yaliyokuwa yamesahauliwa. Mwaka 2013 ukaanzishwa mpango wa AGPO, wa kuyafungulia makundi hayo mlango wa tenda za serikali. Na sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 ikaamuru kwamba angalau asilimia 30 ya ununuzi itengewe biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ambao hata dhamana ya zabuni wamesamehewa, wakatakiwa kutia saini tamko tu. Sidharau wema huo hata kidogo. Lakini waliofunguliwa mlango ni watu ambao mtaji wao ni haba, na mara walipoingia walitakiwa kumwuzia kwa mkopo mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini.

Tuchukue mfano wa mwanamke aliyepata tenda ya kuiuzia kaunti madaftari na kalamu za rangi za watoto wa chekechea, kwa bei ya shilingi 500,000, naye akavinunua vitu hivyo kwa jumla kwa shilingi 450,000 alizozikopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Faida aitarajiayo ni shilingi 50,000, na riba huila shilingi 13,500 kila mwezi. Akilipwa baada ya siku 30, atabakiwa na shilingi 36,500, na hiyo ni riziki ya halali ya mtu aliyehangaika. Lakini malipo yakichelewa hadi miezi minne itimie, riba imekwisha kufika 54,000, faida yote imeteketea, na juu yake sharti atoe 4,000 mfukoni mwake. Wako waliongoja si miezi minne bali miaka, hata dalali akaja kunadi walichokiweka rehani, na majina yao yakaandikwa katika daftari za wakopaji wabaya, ilhali mdeni wa kweli ni serikali.

Watu husema kwamba benki zina moyo mgumu, nami sikatai. Ila yafaa tuelewe zinachokiogopa. Mkopo hupimwa kwa muda, na hati ya ununuzi, hata iwe sahihi kiasi gani, haimwambii mkopeshaji ni siku gani fedha zitatoka. Baina ya Septemba 2016 na Novemba 2019, sheria ilipoweka kikomo cha riba, benki nyingi ziliona heri kununua hati za dhamana za serikali kuliko kumkopesha mwenye duka. Basi tazama ajabu ya muamala huu: serikali ikikopa benki, hulipa riba kwa tarehe iliyoandikwa, ikikopa kwa mwenye duka kwa kuchelewesha ankara yake, riba hulipwa na mwenye duka. Mifuko ya umma ya wanawake na ya vijana nayo hukopesha kwa dhamana ya LPO, na msaada wake ni wa kushukuriwa, lakini mkopo wa mifuko hiyo nao hulipwa kwa fedha zile zile zinazongojwa.

Kiini cha dhiki hii, kwa maoni yangu, kimo katika tofauti ya bajeti na fedha. Sheria ya ununuzi wa umma inamkataza afisa mhasibu kuanza ununuzi wowote mpaka aridhike kwamba fungu lake limo katika makadirio yaliyoidhinishwa. Lakini kuwamo katika makadirio si kuwamo sandukuni. Kodi zikipungua, au mgao wa kaunti kutoka Hazina Kuu ukikawia, wa kwanza kuambiwa angoje ni yule asiye na wakili. Kifungu cha 140 cha sheria hiyo hiyo kinampa haki ya kudai riba kwa malipo yaliyocheleweshwa. Haki hiyo aghalabu haidai, kwa hofu kwamba akiidai, tenda ya mwakani atapewa mwingine. Na hofu hiyo, kwa mtu aliyekwisha kuwekeza kila alichonacho, si ya kulaumiwa.

Kwa hiyo naona riba hiyo isingojwe kudaiwa, bali ikokotolewe na kulipwa na ofisi yenyewe pamoja na ankara, na madeni madogo yalipwe kwanza kwa mpangilio wa tarehe uliobandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuusoma. Maana mwanamke wa mfano wetu anapoketi tena kwenye benchi la ofisi ya malipo, watoto wa chekechea wameshayajaza madaftari yale kwa herufi na picha, na baadhi yao wameingia darasa la kwanza.