Mchana Kweupe, Taa za Nini?

Saa sita mchana jijini Dar es Salaam, jua likiwa karibu na utosi, kuna nyumba nyingi ambamo taa ya sebuleni inawaka. Mama anachambua mchele chini ya balbu, mtoto anasogea mlangoni ili aone mistari ya daftari, na uniti za umeme wa LUKU zinateketea. Nje ya ukuta wa nyumba hiyohiyo mwanga unaumiza macho. Jua la wazi hutoa takribani luksi (kipimo cha mwanga) 100,000, na hata kivulini, penye anga lisilozibwa, kipimo huwa 10,000 au zaidi. Kusoma kwa raha kunahitaji 300 hadi 500 tu. Nyumba haina haja ya kuingiza jua lote. Inahitaji sehemu ndogo sana ya mwanga huo, ipitie mahali panapofaa.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mwenye nyumba akichoshwa na giza, hufikiria kwanza dirisha kubwa. Analipanua, anaweka fremu ya aluminiamu na kioo kipya, kisha ikifika saa tisa alasiri jua la magharibi linamwagika hadi kwenye makochi na sebule inageuka tanuri. Wiki haiishi kabla pazia zito halijashushwa.

Kabla ya kuita fundi, ni vizuri kujua jua linapita wapi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, adhuhuri, jua hukaa upande wa kaskazini, kimo cha kama nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Desemba hupita kusini, likiwa juu zaidi, nyuzi 73 hivi. Jua la kimo hicho hukingwa na upenu wa kawaida wa paa, kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini au kusini hupata mwanga wa anga kutwa nzima bila ukali wa mionzi. Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yenye taabu, maana asubuhi na jioni jua huwa chini na hupenya hata pale penye upenu mrefu. Nairobi, Kampala na Bujumbura nazo ziko karibu na ikweta, na kanuni huko ni hiyohiyo.

Waliojenga mji wa Lamu, pwani ya Kenya, waliyajua haya bila kifaa chochote cha kupimia. Mji huo wa mawe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba vyenye kivuli, na kuta zinazoelekea njiani zina madirisha machache, kwa ajili ya staha na pia kwa ajili ya joto. Anayeingia hupita daka, yaani baraza ya mlangoni, kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, mwanga ukipungua kila hatua, halafu hutokea kiwandani: uwanja mdogo usio na paa uliozungukwa na nyumba. Mwanga wa familia nzima hutoka hapo. Anga huangaza kutoka juu, kuta zilizopakwa chokaa huutawanya mwanga, na misana, yaani kumbi ndefu za nyumba, huupokea kupitia nafasi pana zilizoachwa wazi. Boriti za mikoko zinazobeba dari haziruhusu chumba kuzidi upana wa mita 3 hivi, na kwa sababu hiyo hakuna msana wenye kina cha kuumeza mwanga. Nyuma kabisa, chumba cha ndani kina ukuta wa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya lipu nyeupe, na hata mwanga hafifu unaofika huko huonekana kwenye kingo zake.

Nyumba ya Kiswahili iliyoenea Dar es Salaam, ile yenye korido katikati na vyumba vitatu kila upande, ina uani pia, lakini uani huo uko nyuma. Vyumba vya pembeni hutegemea madirisha ya ubavuni. Jirani naye akijenga hadi mwisho wa kiwanja chake, dirisha hubaki likitazama matofali. Ramani haijabadilika hata kidogo, ila chumba kimekuwa giza.

Hili ndilo jambo linalosahaulika zaidi: mwanga wa nyumba huamuliwa na pengo lililopo kati ya nyumba na nyumba. Katika maghorofa ya kupanga ya Pipeline, Nairobi, majengo yamebanana kiasi kwamba wapangaji wa chini huwasha taa mchana. Berlin ilipita njia hiyo zamani. Kanuni zake za ujenzi za mwaka 1853 ziliruhusu uwanja wa ndani wa mita 5.34 kwa 5.34, kipimo kilichotokana na nafasi ya kugeuzia gari la zimamoto, na nyuma ya majengo yale vizazi vya wafanyakazi viliishi katika vyumba visivyoona jua. Ilikuwa Berlin hiyohiyo ambako daktari Robert Koch alitangaza ugunduzi wa vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882, na baadaye akaeleza kwamba mwanga wa jua huviua. Anayepima kiwanja leo na kuacha mita mbili zaidi upande wa jirani anawafanyia hisani watu wa pande zote mbili.

Kwa nyumba ambayo bado iko kwenye msingi, kimo cha lenta, boriti ya juu ya dirisha, kina maana zaidi kuliko upana wa dirisha. Mwanga unaofaa hufika ndani umbali wa kama mara mbili, au mbili na nusu, ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha kutoka sakafuni. Lenta ikikaa mita 2.1, chumba cha kina cha mita 6 kitakuwa na giza nyuma. Ikipandishwa hadi 2.7, hali ni nyingine kabisa, hata kama dirisha ni jembamba. Vioo vya giza vinavyopendwa siku hizi huweza kuzuia karibu nusu ya mwanga, na ni vigumu kuelewa kwa nini mtu alipie dirisha kisha alipie tena kulifumba.

Nyumba iliyokwisha kujengwa huweza kuangaziwa kupitia paa. Bati moja la plastiki linalopitisha mwanga, likiwekwa juu ya korido au jiko lisilo na dari, huondoa haja ya taa mchana. Mwaka 2002 huko Uberaba, Brazil, umeme ukikatika mara kwa mara, fundi makanika Alfredo Moser alifanya hivyo kwa chupa ya plastiki ya lita 2. Aliijaza maji, akatia vifuniko viwili vya dawa ya klorini ili maji yasiote ukijani, akaipachika kwenye tundu la bati nusu ikiwa nje, akaziba pembeni kwa gundi isiyopitisha mvua. Tundu tupu lingetoa doa moja kali sakafuni, bali maji huupinda mwanga na kuusambaza chumba kizima, kwa nguvu inayokaribia balbu ya wati 40 hadi 60. Mbinu hiyo ilifika Ufilipino, India, Bangladesh, na Tanzania pia.

Nchini Burkina Faso, msanifu Diébédo Francis Kéré, mshindi wa tuzo ya usanifu majengo ya Pritzker mwaka 2022, alitumia vyungu. Katika maktaba ya shule ya kijijini kwao, Gando, vyungu vya kufinyangwa na wanawake wa kijiji vilikatwa juu na chini, vikapangwa, kisha zege la dari likamwagwa kuvizunguka. Matundu yake huingiza mwanga na hutoa hewa ya moto.

Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kutoboa paa la mwenye nyumba, lakini ukuta ni wake kwa kiasi fulani. Rangi nyeupe hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga unaoifikia, ilhali saruji isiyopakwa hurudisha chini ya theluthi. Aanze na ukuta unaokabili dirisha, kisha dari. Kabati linaloziba ukingo wa dirisha lihamishwe. Wavu wa mbu nao ushushwe uoshwe, kwa sababu vumbi la kiangazi huziba vitundu vyake, na ndoo moja ya maji ya sabuni yatosha kuvifungua.