Kabla ya kuuza shamba, tujue sheria inasemaje

Jumapili moja jioni jirani yangu, mama mjane wa hapa Nyamira, alinijia nyumbani akiwa ameishika simu mkononi kama mtu aliyeshika kaa la moto. Hata kiti hakukikubali. "Mwalimu," akaniambia, "yule kijana wetu wa Minnesota amekamatwa na watu wa uhamiaji. Kuna mtu amenipigia, asema nikimtumia shilingi laki tatu ataachiliwa kesho. Naomba unisaidie kutafuta mnunuzi wa kile kipande cha chai cha kule chini."

Nilimwuliza maswali matatu tu. Kijana aliingia Marekani kwa njia gani? Nambari ya faili lake la uhamiaji ni ipi? Je, tangu akamatwe ametia sahihi karatasi yoyote? Mama hakujua. Tulipompigia yule mwombaji wa laki tatu, naye pia hakujua hata moja. Akakata simu.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu si cha boma moja. Tangu miaka ya tisini wana na mabinti wa Kisii na Nyamira wamekwenda Marekani kwa wingi, wengine kwa masomo, wengine kwa bahati nasibu ya viza, wengine kwa matembezi yasiyokwisha. Vitongoji vya Minneapolis, hasa Brooklyn Park, vimejaa watu wetu, na wengi wao hufanya kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa. Shule, makanisa na nyumba za matofali tunazoziona kutoka Suneka hadi Kebirigo zina jasho lao. Tangu Januari 2025, serikali ya huko ilipoanza msako mkali dhidi ya wageni wasio na vibali, hofu imevuka bahari na kubisha hodi katika milima yetu. Penye hofu, walaghai hawakosi.

Waama, asiyejua maana haambiwi maana. Jambo la kwanza tunalopaswa kufahamu ni kwamba sheria ya Marekani huihesabu kesi ya uhamiaji kuwa kesi ya madai, si ya jinai. Kwa hiyo mtu anaweza kuzuiliwa miezi mingi bila ya kushtakiwa kwa kosa lolote la jinai. Kwa sababu iyo hiyo, serikali hailazimiki kumlipia wakili. Anayo haki ya kuwa na wakili, lakini kwa gharama yake. Hata hakimu anayemsikiliza si wa idara ya mahakama, bali ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria.

Hata hivyo, aliyezuiliwa hayuko mikono mitupu. Anayo haki ya kunyamaza. Anayo haki ya kukataa kutia sahihi hati asiyoielewa, kwani miongoni mwa karatasi anazoletewa huenda ikawamo inayomfanya aache haki ya kufika mbele ya hakimu. Aidha, chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mabalozi wadogo, anaweza kuomba ubalozi wa nchi yake uarifiwe. Kenya ina ubalozi Washington. Ubalozi hauwezi kuvunja kufuli la gereza, lakini unaweza kuzungumza na aliyezuiliwa na kuiarifu familia.

La pili ni dhamana. Mgeni aliyeingia kwa viza halali kisha akapitisha muda, na ambaye hana makosa fulani ya jinai, kwa kawaida anaweza kumwomba hakimu amwachilie kwa dhamana. Kiwango cha chini kabisa kisheria ni dola 1,500, ingawa mara nyingi hutozwa zaidi. Hakimu hutazama mambo mawili: kama mtu huyu ni hatari kwa jamii, na kama atatoroka. Ndiyo sababu barua za kanisa, mwajiri na shule ya watoto zina uzito. Fedha hizo hulipwa na jamaa mwenye kibali halali huko huko Marekani, nazo hurudishwa kesi ikiisha, mradi mhusika amehudhuria kila alipoitwa. Hazitumwi kwa mtu wa simu.

Waliovuka mpaka bila ya kukaguliwa wana njia nyembamba zaidi. Mnamo Septemba 2025 bodi ya rufani za uhamiaji iliamua kwamba mahakimu wake hawana uwezo wa kuwapa dhamana watu kama hao. Majaji wengi wa mahakama za wilaya za shirikisho waliipinga tafsiri hiyo, wakaamuru watu wasikilizwe. Njia iliyotumika ni ile ombi kongwe la kumtaka mwenye kumzuilia mtu amfikishe mbele ya jaji na kueleza kwa nini anamshikilia. Kadhalika, sheria iliyotiwa sahihi Januari 29, 2025 inalazimisha kuzuiliwa kwa baadhi ya wageni wasio na idhini wanaokamatwa kwa tuhuma kama za wizi, hata kabla ya kupatikana na hatia.

Je, akishatoka kizuizini, au angali ndani, atajitetea kwa lipi? Aliyeingia kwa viza na kukaguliwa, akiwa mume au mke wa raia, au mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu hata kama viza yake ilikwisha zamani. Wengi waliokwenda mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili sasa wana watoto wa umri huo, wala hawajui kwamba mlango umefunguka. Aliyekaa miaka 10 mfululizo akiwa na mwenendo mwema anaweza kuomba asiondolewe, iwapo atathibitisha kwamba mwenzi, mzazi au mtoto wake aliye raia au mkaazi wa kudumu atapata dhiki isiyo ya kawaida. Kuvunjika moyo peke yake hakutoshi. Mwenye kuhofia mateso kwao anaweza kuomba hifadhi, lakini yapasa aombe katika mwaka wa kwanza wa kuingia, ila kwa sababu maalumu. Tohara ya wanawake, jambo lisilo geni kwetu Gusii, ilitambuliwa kuwa msingi wa hifadhi katika uamuzi wa 1996 uliomhusu msichana wa Togo.

Wapo wazee watakaosema, "Mtoto na arudi nyumbani, chakula kipo." Shauri hilo ni la upendo, lakini nalo lapimwe. Aliyekaa bila ya idhini kwa zaidi ya siku 180 mfululizo, akaondoka, huenda akafungiwa mlango miaka 3. Akipitisha mwaka mmoja, miaka 10. Kuondoka kwa hiari kwa ruhusa ya hakimu humwepusha mtu na doa la amri ya kufukuzwa, lakini hakufuti ile miaka 10. Asiondoke kabla ya kuongea na wakili.

Nanyi wanafunzi mnaoota kwenda ng'ambo, yashikeni haya. Anayetia alama katika fomu ya kazi kwamba yeye ni raia wa Marekani hali si raia, hujichimbia shimo ambalo hata ndoa ya kweli ni vigumu kumtoa. Ndoa ya kununua humfunga mtu daima. Anayehama nyumba bila ya kuijulisha mahakama ya uhamiaji katika siku 5 huenda akafukuzwa kwa hukumu iliyotolewa yeye hayupo. Na anayekiri kosa dogo la jinai ili amalize kesi haraka huenda akawa amekiri kufukuzwa. Ndiyo maana Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2010 kwamba wakili wa jinai hana budi kumweleza mteja mgeni hatari hiyo.

Familia zilizoko nyumbani zifanye nini? Ziweke katika sanduku, pamoja na hati ya shamba, nakala ya pasipoti, ya viza na ya muhuri wa kuingilia, pamoja na nambari ya faili inayoanza kwa herufi A. Kwa nambari hiyo na nchi ya kuzaliwa, jamaa anaweza kumtafuta aliyezuiliwa katika mtandao wa idara yenyewe. Kisha itafutwe msaada wa kweli. Huko Minnesota, mashirika kama Immigrant Law Center of Minnesota na The Advocates for Human Rights yamekuwa yakiwasaidia wageni wasio na uwezo.

Lakini tusiwanyoshee wengine kidole tukasahau vitatu vinavyotuelekea. Katiba yetu ya 2010 yasema kila aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika saa 24, na haki ya kuletwa mbele ya jaji ni miongoni mwa zile zisizoweza kupunguzwa hata chembe. Haikusema "kila Mkenya". Vijana wa Ethiopia wanaokutwa wamefungiwa vyumbani Nairobi wakisubiri kupelekwa Afrika Kusini nao wana mama zao. Je, tukisoma habari zao gazetini, huwa tunauliza kama walipata mkalimani na wakili?

Yule jirani yangu hakuuza chai. Binamu wa kijana alimpata wakili, nambari ikapatikana, na ombi la dhamana likawasilishwa. Kesi ingali inaendelea, wala siwezi kuahidi itakavyokwisha. Ila kila asubuhi namwona mama akishuka na kikapu chake kwenda kuchuma, na shamba lingali lake.