Msimu mzima kwenye CD moja: kwa nini sura zinavunjika

Wapenzi wa tamthilia hapa Bukavu hawaishi kubishana kwa nini picha inavunjika. Mmoja atasema televisheni yake imechoka, mwingine atalaumu deki, wa tatu ataapa kwamba CD aliyonunua sokoni Kadutu ni HD kwa sababu ganda limeandikwa hivyo. Mara nyingi televisheni na deki hazina kosa. Tatizo ni nafasi.

Chukua msimu wa kwanza wa Prison Break, tamthilia ya wafungwa wanaotoroka gerezani, ulioanza kurushwa Marekani mwaka 2005. Una sehemu 22, kila moja kama dakika 43, na toleo halali la DVD liligawanywa katika diski 6. Ukiusukuma wote ndani ya DVD moja ya gigabaiti 4.7, ile tunayoiita CD tu, kila sekunde inabakiwa na biti kama 660,000, picha na sauti pamoja. VCD ya zamani, ambayo sote tuliidharau, huipa picha peke yake biti 1,150,000 kwa sekunde!

Ili filamu ienee, programu ya kubana huikata picha katika miraba midogo, mara nyingi ya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa kile inachodhani jicho halitakiona. Biti zikiwa chache, inatupa hata kinachoonekana. Giza, moshi, maji na mbio ndivyo vinavyoumia kwanza. Ndiyo maana mchana uwanjani wafungwa wa Prison Break wanaonekana vizuri, lakini usiku wa kutoroka nyuso zao zinageuka vigae. Ubanaji mpya, kama H.264 wa faili nyingi za flashi, hufanya kazi bora kwa biti zilezile, ila nao una mpaka wake.

Na hiyo HD? Picha ya DVD ina pikseli zisizozidi 720 kwa 576. HD kamili ina 1920 kwa 1080, yaani angalau mara 5. Kuivuta ile ndogo iwe kubwa hakuongezi hata unywele mmoja kichwani mwa mwigizaji. HD ya kweli hutoka kwenye chanzo. Tamthilia ya The Wire ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, hivyo mwaka 2014 kituo cha HBO kiliweza kuitoa upya kwa HD. Hata hapo mjadala ulizuka, maana picha zilizopangwa kwa kioo cha karibu mraba zilipanuliwa, na mtungaji wake, David Simon, alisema baadhi ya matukio yalifaidika na mengine yakapoteza. Filamu ya Nigeria Living in Bondage, ya mwaka 1992, ilirekodiwa kwa kanda ya video. Hiyo haina kitu cha ziada kilichojificha, na anayekuuzia "HD" yake anakuuzia maandishi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, hesabu sehemu zilizomo kwenye diski. Zikizidi nne au tano, mwombe muuzaji akuchezeshee tukio la usiku, si lile la mwanzo lenye jua. Miraba ikionekana, mrudishie CD yake.