Mwanafunzi wa baiskeli asiachwe matopeni

Katika vitabu vya kigeni wanavyosoma wanafunzi wetu, adui wa mwendesha baiskeli ni theluji. Huku Taita Taveta theluji hatunayo, ila tunayo majira yanayomtesa vilevile: masika ya Machi hadi Mei, kipupwe cha Juni hadi Agosti, na vuli ya Oktoba hadi Desemba ambayo, katika tambarare za Voi, aghalabu ndiyo yenye mvua nyingi zaidi.

Lugha yenyewe yatoa ushahidi. Usukani tuliurithi kwa mabaharia. Tairi, breki na pedali tulizikopa pamoja na chombo chenyewe, wala hatukusahau kukopa madigadi, yaani kinga ya tope. Hata neno bodaboda, ambalo leo twalihusisha na pikipiki, lilizaliwa na baiskeli zilizovusha abiria katika mpaka wa Kenya na Uganda. Ni ajabu basi kwamba chombo kilichoitajirisha lugha hivyo hakijatengewa njia yake barabarani.

Natuitazame hali ilivyo. Udongo mwekundu wa Voi ukilowa hunata, ukajaa kati ya tairi na madigadi hata gurudumu likagoma. Mwanafunzi hulazimika kuibeba baiskeli iliyopaswa kumbeba yeye. Akilikimbia tope, hukimbilia lami ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na huko malori ya masafa marefu humsukuma ukingoni.

Milimani mambo ni mengine. Voi iko chini kidogo ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali Wundanyi inakaribia mita 1,400. Asubuhi za kipupwe ukungu hufunika kona, na breki za mpira hazikamati upesi rimu iliyolowa. Anayeteremka kuelekea Mwatate katika hali hiyo anacheza na roho yake.

Isitoshe, mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya eneo la kaunti. Siku za mawingu giza huwahi kuingia, na mwanafunzi aliyecheleweshwa na masomo ya jioni huenda akakutana na tembo njiani.

Wapo watakaosema kwamba pikipiki zimejaa, apande. Je, mkulima mwenye watoto watatu shuleni atalipa nauli asubuhi na jioni, muhula mzima? Baiskeli ikishanunuliwa haidai petroli. Kwa wengi, ndiyo tofauti kati ya kufika darasani na kubaki nyumbani.

Kwa hiyo wanaokarabati barabara hizi wapanue kingo zake na kutenga njia ya baiskeli, hasa karibu na shule. Walimu wakuu nao wajenge banda la kuhifadhi baiskeli zisinyeshewe, na msimu wa mvua wawaruhusu wanafunzi wa mbali kuondoka mapema. Mwalimu wa zamu akikagua sare, akague pia breki, kengele na taa. Na mwanafunzi mwenyewe avae nguo ya rangi nyangavu, wala asione haya kushuka na kukokota mahali penye utelezi.

Hayo hayahitaji mamilioni yote. Mengine yataka uamuzi tu. Vuli haingoji kikao cha kamati, na wahenga walikwisha kutuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.