Maji na Taka za Ndege: Wajibu wa Walio Ardhini

Abiria wengi huamini kwamba uchafu wa msalani ndani ya ndege humwagwa angani. Dhana hiyo si sahihi, na yafaa iondolewe.

Hapo zamani vyoo vya ndege vilisafishwa kwa dawa ya rangi ya buluu, iliyozungushwa tena na tena. Mwaka 1982 ndege za Boeing zilianza kufungwa vyoo vya kufyonza. Ndege ikiwa juu sana, hewa ya nje ni hafifu kuliko ya ndani. Hivyo kizibo cha bomba kifungukapo, nguvu ya hewa huusukuma uchafu hadi kwenye tangi maalumu. Ndege ikiwa chini, pampu hufanya kazi hiyo. Kimwagwacho nje aghalabu ni maji ya kunawia, yapitayo katika kibomba kinachopashwa moto yasigande.

Maji safi yana tangi lake, nalo hujazwa uwanjani. Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2004 serikali ya Marekani ilipima maji ya ndege 158; ndege 20 zikakutwa na vijidudu vinavyoashiria uchafu. Mwaka 2009 ikatoa kanuni za kupima maji na kusafisha matangi.

Basi wakuu wa viwanja vyetu vya visiwani wana dhamana kubwa. Gari la maji na gari la taka visikaribiane, wala taka zisimwagwe ovyo; kwani maji tunywayo hutoka chini ya ardhi hiyo hiyo. Kinga ni bora kuliko tiba.