Kiondo cha Ukambani: Jasho lisiloonekana katika bei

ANAYENUNUA kiondo huona rangi zake na mishipi ya ngozi. Kazi kubwa iliyomo haionekani, nayo ndiyo hupuuzwa wakati wa kupatana bei.

Katika eneo la Mwala, Kaunti ya Machakos, soko la Wamunyu limevuma kwa vinyago vinavyochongwa hasa na wanaume. Ususi wa vyondo, kwa upande wake, ni ujuzi ambao akina mama wa Ukambani wamewarithisha binti zao kwa vizazi vingi.

Hapo zamani nyuzi zilitokana na maganda ya mbuyu na ya vichaka vya mwituni. Mkonge, ambao asili yake ni Mexico, uliletwa Tanganyika na Wajerumani mwaka wa 1893, na baadaye ukawa malighafi kuu ya wasusi.

Majani ya mkonge hukwanguliwa, kisha nyuzi zake huoshwa na kuanikwa juani. Baadaye husokotwa kwa kiganja juu ya paja hadi uzi uwe mwembamba na imara. Hatua hii ndiyo inayokula muda mwingi.

Msusi huanzia kwenye kitako. Nyuzi za wima hutandazwa kutoka katikati, halafu nyuzi mbili huzungushwa zikipishana, moja mbele na nyingine nyuma. Mapambo hutokea rangi inapobadilishwa, na hesabu yake yote imo kichwani mwa msusi. Kwa kuwa mashine haihitajiki, wengi husuka hata wakiwa njiani kuelekea sokoni.

Tangu miaka ya 1980, vikapu vya kuiga kutoka Asia vimewapokonya wasusi wateja wa ng'ambo. Sheria ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inamtaka anayetumia ujuzi wa jamii kwa biashara apate kwanza idhini ya jamii hiyo. Hata hivyo, nguvu za sheria ya Kenya hukomea mpakani.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 iliwapa wasusi nafasi nyumbani. Lakini nafasi hiyo haina faida ikiwa mnunuzi atalipia mkonge tu na kusahau siku zilizotumiwa kuusokota.

Kabla ya kupunguza bei, mnunuzi na akigeuze kiondo atazame ndani. Uzi uliosokotwa kwa mkono haulingani unene kila mahali, na hiyo ndiyo sahihi ya msusi.