Kasi Moja, Maana Mbili: Istilahi za Kiswahili katika Tathmini ya RAM za Kompyuta za Mezani kwenye Mwambao wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutathmini moduli za RAM za kasi kubwa. Yanaonyesha kuwa neno "kasi", likitumika peke yake, huficha vipimo viwili tofauti, na yanapendekeza nyaraka za ununuzi zivitenganishe.

1. Utangulizi

Nchelenge, katika Jimbo la Luapula, iko ukingoni mwa Ziwa Mweru, ambalo Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hugawana. Upande wa Zambia hutawala Kibemba. Ng'ambo, Pweto na Kilwa ya Kongo, Kiswahili ni lugha ya soko. Tangu Agosti 2019 Kiswahili pia ni lugha rasmi ya SADC, jumuiya ambayo nchi zote mbili ni wanachama. Mwongozo wa vifaa ulioandikwa kwa Kiswahili una wasomaji katika ukanda huu. Aidha, Nchelenge ni eneo la utafiti wa malaria wa miaka mingi, na data za utafiti wa aina hiyo huhitaji kompyuta zenye RAM ya kutosha. Istilahi yenye utata hugharimu fedha za umma.

2. Utata wa istilahi

Utata wa kwanza umo katika neno "memori". Mtumiaji wa simu asemapo "memori imejaa" huwa anazungumzia hifadhi, si RAM. Mwaka 2024, ukame ulipoleta mgao mkali wa umeme Zambia, tofauti hiyo ilikuwa na uzito: umeme ukikatika, kilichohifadhiwa kwenye diski hubaki, ilhali kilichomo ndani ya RAM pekee hupotea.

Utata wa pili ni wa "kasi". Nambari 3200 katika jina DDR4-3200 huhesabu mamilioni ya mapitisho ya data kwa sekunde. Mapigo ya saa ya moduli hiyo ni nusu yake, yaani megahezi 1600, kwa kuwa kila mpigo hupitisha data mara mbili. Kipimo hiki kinafaa kuitwa upitishaji. Nambari inayofuata herufi CL huhesabu mapigo yanayopita kati ya amri ya kusoma na kutoka kwa data. Huo ni muda wa kusubiri.

3. Ulinganisho

Muda wa kusubiri kwa nanosekunde hupatikana kwa kuzidisha CL kwa 2000, kisha kugawanya kwa nambari ya upitishaji. DDR4-3200 yenye CL16 husubiri nanosekunde 10. DDR5-6000 yenye CL40 husubiri takribani 13.3, ingawa nambari ya jina lake ni karibu maradufu. DDR5-6000 yenye CL30 hurudi kwenye 10. Kwa upitishaji, kila moduli ya DDR4-3200 hufikia gigabaiti 25.6 kwa sekunde, na ya DDR5-6000 hufikia 48. Hivyo moduli ya pili "ina kasi zaidi" kwa kipimo kimoja na "inachelewa" kwa kingine. Kauli zote mbili ni kweli.

4. Utaratibu wa tathmini

Ukubwa hutangulia kasi: RAM isipotosha, kompyuta hukimbilia diski, iliyo polepole mno. Pili, ubao mama ukaguliwe, kwani DDR4 haiingii katika nafasi ya DDR5. Tatu, moduli mbili zinazofanana, zikiwekwa katika nafasi sahihi, hupitisha data sambamba na mara nyingi hufaa kuliko moja kubwa. Nne, nambari ya kwenye kibandiko haipatikani yenyewe: mara nyingi mpangilio wake huwashwa katika mipangilio ya msingi ya kompyuta, la sivyo moduli hufanya kazi kwa kasi ndogo zaidi. Tano, baada ya kuuwasha, jaribio la makosa liendeshwe kwa saa kadhaa, katika joto la chumba halisi cha kazi. RAM yenye kosa inaweza kubadili takwimu bila kuzima mashine.

5. Hitimisho

Sharti la zabuni lisiloeleza zaidi ya "RAM ya kasi kubwa" haliwezi kukaguliwa. Linalokagulika ni kama hili: "Moduli mbili za gigabaiti 16, upitishaji usiopungua 6000, muda wa kusubiri usiozidi nanosekunde 10, zilizojaribiwa bila kosa." Mabaraza ya lugha na taasisi za ununuzi zikikubaliana juu ya istilahi hizi mbili, mkaguzi wa Nchelenge na mwenzake wa Pweto watapima kitu kilekile.